Jina Alilolitunga Wegesa

Asubuhi za Wegesa zilianza na ndama. Kabla jua halijapanda kilima, alikuwa ameshawafungulia ndama wawili wa baba yake na kuwafunga kwenye majani mabichi. Baadaye alinawa miguu, akanywa uji wa ulezi akiwa amesimama, akachukua fagio na dumu dogo la maji, maana katika Shule ya Msingi Nyarumwi kila mwanafunzi alipaswa kufika na maji. Kisha alishika njia.

Zamani njia ile ilikuwa ya ng'ombe na watoto wa shule tu. Tangu dhahabu ilipoonekana nyuma ya kilima, ilifurika watu. Wanaume walipita na sururu na kamba mabegani, akina mama wakapita na mabeseni, na baiskeli zililemewa na magunia ya mawe. Wageni walitoka kila upande, wengine Geita, wengine Shinyanga, wengine ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Mahema ya maturubai yaliota kama uyoga. Na mchana kutwa mashine za kusagia mawe ya dhahabu, walizoziita karasha, zilinguruma: kra-kra-kra-kra.

Wegesa alikuwa na miaka kumi na miwili, akisoma darasa la sita. Hakuwa wa kwanza katika masomo, wala hakuwa na mbio. Kipaji chake kilikuwa ulimi. Aliweza kumtazama mtu mara moja tu akampa jina, na jina likaganda. Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa mrefu sana, Wegesa alimwita Nguzo. Mwalimu Kokushubira, mwalimu wa darasa lao aliyehamishiwa kutoka Bukoba, alimpa jina la Senene, kwa sababu siku moja mwalimu huyo aliwasimulia jinsi wadudu hao wanavyoliwa kwao. Darasa lilicheka mpaka watu wakashika mbavu. Wegesa alikipenda kicheko hicho kuliko kitu chochote.

Mwezi wa pili aliingia mwanafunzi mgeni, Naomi. Alikuwa msichana mwembamba, sare yake imepauka, vidole vyake vyekundu kwa udongo. Yeye na mama yake walitoka Maswa. Mama yake alivunja mawe kwa nyundo kule kambini, na hema lao lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye karasha. Siku ile ile ya kwanza, Mwalimu Kokushubira alimwomba asome kwa sauti.

Naomi alisoma vizuri kuliko mtu yeyote darasani. Hakubabaika wala hakuruka neno. Lakini sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, na katikati ya ukurasa kikohozi kilimshika, kirefu na kikavu, mpaka akainama.

Wegesa alimgeukia Mogesi, rafiki yake aliyekaa naye dawati moja. "Sikia," alinong'ona, "karasha imewashwa."

Hakupunguza sauti vya kutosha. Dawati la mbele liliangua kicheko, kisha la nyuma, kisha darasa zima. Kufikia wakati wa mapumziko, Naomi hakuwa tena Naomi. Alikuwa Karasha.

Mwanzoni ilikuwa utani wa maneno. Kisha Wangwe, mvulana mkubwa kuliko wote darasani, akaufanya mchezo. Naomi aliposimama kujibu swali, dawati la Wangwe lilinguruma polepole, midomo imefungwa ili mwalimu asijue ni nani: kra-kra-kra. Njiani hata watoto wa darasa la kwanza walimfuata nyuma wakiimba. Wengine walimtia mawe kwenye begi. "Karasha, saga!" walimwambia.

Wegesa hakutia jiwe hata moja. Alicheka tu. Baadaye akawa anacheka nusu mdomo, na baadaye tena kicheko kikamkauka kabisa. Siku moja alijikaza akamwambia Wangwe, "Basi, inatosha."

Wangwe alimtazama kwa mshangao. "Si ni wewe uliyempa jina? Leo unamwonea huruma? Au na wewe unataka lako?"

Wote waligeuka wakamcheka Wegesa. Kilikuwa kicheko kifupi tu, lakini kilimchoma kama upupu. Kuanzia siku hiyo alifunga mdomo.

Naomi naye alifunga wake. Aliacha kunyoosha kidole, akaacha kusoma, akawa anakula muhogo wake peke yake nyuma ya choo. Kisha siku ya Alhamisi alirudi kutoka mapumziko akakuta daftari lake la Kiswahili limesagwa. Mtu alikuwa ameliweka kati ya mawe mawili akalisugua mpaka kurasa zikachanika vipande vipande. Naomi hakulia. Alipiga magoti, akaokota kipande kimoja kimoja, akavitia vyote kwenye begi. Darasa zima lilikuwa likimtazama, na hakuna aliyeinama kumsaidia.

Ijumaa hakuja. Wiki iliyofuata hakuja.

"Naomi Masanja?" Mwalimu Kokushubira alimwita kila asubuhi akisoma majina. "Nani anajua aliko?"

"Wamehama, mwalimu," mtu mmoja alijibu kutoka nyuma.

Wegesa aliangalia meza yake.

Jumamosi baba yake, Mzee Ryoba, alimtuma kupeleka maziwa kambini kwa Mzee Faridu, mfanyabiashara aliyeuza chai na chapati kwa wachimbaji. Wegesa alifikisha maziwa, akaona afupishe njia kwa kupita kati ya mahema. Hapo, pembeni ya lundo la mawe, alimwona Naomi. Alikuwa amekaa chini na nyundo mkononi, kidole gumba kimefungwa kitambaa, nywele na kope nyeupe kwa vumbi.

"Naomi," aliita.

Naomi aliinua macho, akayashusha, akaendelea kugonga jiwe.

"Mwalimu anakuulizia kila siku."

"Mwambie nimehama."

"Lakini hujahama. Mama yako anajua huji shule?"

Nyundo ilisimama. "Nimemwambia shule imejaa, wageni wamekatazwa. Alilia kutwa nzima. Anavunja mawe haya ili mimi nisome." Alikohoa, akajifuta mdomo kwa mkono. "Jumatatu naanza kazi kule wanakooshea dhahabu. Wanataka mtu wa kukanda mchanga na zebaki. Wanasema vidole vyangu vinafaa."

Wegesa alishtuka. Mwaka uliopita muuguzi wa zahanati alifika shuleni akawaeleza kuhusu zebaki, ile dawa inayong'aa kama fedha, inayokusanya dhahabu. Aliwaambia kuwa ni sumu, huingia mwilini polepole, huharibu ubongo na kuitetemesha mikono, na mtoto hapaswi kuigusa hata kwa kidole.

"Usiende huko," alisema. "Rudi shule. Mimi sitakuita tena lile jina, naapa."

Naomi aliweka nyundo chini, akamtazama sawasawa kwa mara ya kwanza. "Wewe peke yako? Lilitoka mdomoni mwako, Wegesa, lakini sasa liko midomoni mwa shule nzima. Utalikusanyaje?"

"Kumbe ulijua ni mimi?"

"Nilikusikia siku ile ile. Nilikuwa nasoma, na nilikuwa nimefurahi kwamba nasoma. Ndipo nikakusikia."

Wegesa aligeuka, akashika njia ya nyumbani. 

Alifika nyumbani akakuta baba yake anarekebisha ua wa zizi. Alisimama pale mpaka Mzee Ryoba akauliza, "Maziwa yamemwagika?"

"Hapana, tata," alisema, maana ndivyo watoto wa huko wanavyowaita baba zao. Kisha akamwaga yote: jina, kicheko, mawe, daftari, zebaki. Alingoja kupigwa.

Mzee Ryoba alikaza mti mmoja, akautikisa kuona kama umeshika. "Ng'ombe wako akiingia shamba la jirani akala mahindi," alisema hatimaye, "nani huenda kuomba radhi?"

"Mwenye ng'ombe."

"Anangoja aitwe?"

"Hangoji, tata."

"Basi kesho baada ya kanisa nenda kwa mwalimu wako. Na usiseme 'sisi tulimcheka'. Sema 'mimi'."

Kesho yake Wegesa alimkuta Mwalimu Kokushubira akianika nguo mbele ya nyumba ya walimu. "Shikamoo, mwalimu," alisema, na kabla ujasiri haujamtoka, akaeleza. Mwalimu alisikiliza, vibanio vya nguo vimejaa mkononi. Mwisho aliuliza, "Na Senene, hilo nalo ni lako?"

Wegesa alitamani ardhi ipasuke. "Ni langu, mwalimu."

Kwa mshangao wake, mwalimu alitabasamu kidogo. "Nilijua. Mimi mkiniita Senene nacheka, kwa sababu ni mtu mzima, nina kazi yangu, na likizo nitakwenda kwetu kuwala. Naomi hana ndugu hapa, hana rafiki, amefika juzi. Alikuwa na sauti yake tu ya kusomea, na hiyo ndiyo mliyoichukua." Tabasamu lilikuwa limeondoka. "Sikumlinda. Nilisikia ngurumo darasani nikadhani ni utundu wa kawaida. Mimi pia nina la kujibu. Ngoja nivae viatu tuondoke, Jumatatu ni kesho."

Walimkuta mama yake Naomi akipika mbele ya hema, Naomi kando yake. Alipoambiwa ukweli, aliuachia mwiko ukazama kwenye sufuria.

"Naomi, ulinidanganya?"

"Sikutaka ujue wanakicheka kifua changu, mama. Ungesema ni kosa lako kwa kunileta huku."

Yule mama alimvuta binti yake akamshika kichwa kwa mikono miwili yenye sugu. Kisha akamgeukia Wegesa, ambaye alikuwa amepiga magoti bila kuambiwa.

"Mama, ni mimi niliyempa jina lile. Nisamehe. Naomi, nisamehe."

Karasha zilinguruma jirani, na kila mtu pale alizisikia.

"Nimekusikia, mwanangu," mama alisema. "Kwenye zebaki haendi, hilo nalisema leo, hata tukilala njaa. Lakini shuleni simrudishi kwa maneno. Nitamrudisha siku nitakapojua kwamba akikohoa atapewa maji, si kicheko."

"Nipe siku mbili," alisema Mwalimu Kokushubira.

Jumatatu asubuhi mwalimu alimsimamisha Wegesa mbele ya darasa. "Jina la Karasha nililitunga mimi," alisema. "Nililitunga ili mcheke. Naomi hajahama. Yuko kambini anavunja mawe, na alikuwa karibu kupelekwa kwenye zebaki, kwa sababu hapa kwetu palimshinda. Naona aibu."

Wangwe aliguna. Wengine walianza kutazamana. Lakini mwalimu mkuu, Mwalimu Werema, aliyekuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, alikohoa kidogo na wote wakatulia. Yeye alitaka kuwachapa darasa zima. Mwalimu Kokushubira alikuwa amemwomba angoje mpaka saa nne.

Mwalimu Kokushubira aligawa vipande vya karatasi. "Kila mmoja aandike jina aliloitwa siku moja likamuuma. Jina alilopewa na watu, si lake. Usiandike wewe ni nani."

Kwa muda zilisikika kalamu tu. Mwalimu alikusanya karatasi kwenye kofia, akaanza kusoma moja baada ya nyingine. "Masikio. Kibogoyo. Mbilikimo. Mbumbumbu." Wengine walicheka karatasi ya kwanza. Kufikia ya sita hakuna aliyecheka, kwa sababu kila mmoja alikuwa akingoja ya kwake. Wegesa alihesabu kimyakimya: katika majina kumi yaliyosomwa, manne aliyatunga yeye.

"Yatima wa Duara," mwalimu alisoma.

Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu, na wote walijua ni baba wa nani aliyefukiwa na duara mwaka uliopita, akakaa humo siku tatu kabla hawajamtoa. Hakuna aliyegeuka nyuma. Kisha dawati lilikwaruza sakafu, na Wangwe akasimama, mkubwa kama mtu mzima, macho mekundu.

"Hilo ni langu," alisema. "Waliniita hivyo muhula mzima. Naomi alipokuja wakaanza kumcheka yeye, wakanisahau mimi. Nikaona... nikaona bora waendelee na yeye." Akamgeukia mwalimu. "Na daftari nililisaga mimi."

Mwalimu Werema aliitazama fimbo yake, akaiegemeza ukutani.

"Asante, Wangwe. Keti," alisema Mwalimu Kokushubira, sauti yake imelegea. "Sasa mnaona. Kila mmoja humu ameumizwa, na kila mmoja alinyamaza mwenzake alipoumizwa. Naweza kuwachapa, na mkitoka hapa mtacheka kwa siri. Mimi nataka mniambie ninyi wenyewe, tufanye nini ili Naomi arudi na akae?"

Mogesi ndiye aliyeanza: watu waitwe kwa majina waliyopewa na wazazi wao. Mwingine akasema mtu asiachwe ale peke yake. Wangwe aliuliza kwa sauti ya chini, "Na wadogo je? Wale wa darasa la kwanza tuliwafundisha sisi."

"Basi tukawafundishe upya sisi," alisema Wegesa.

Ndivyo walivyofanya. Siku hiyo na iliyofuata walipita darasa kwa darasa, wawili wawili, na Wegesa alipangwa na Wangwe. Haikuwa kazi nyepesi. Darasa la nne waliwazomea. Darasa la tatu mtoto mmoja aliuliza mbona wao walikuwa wanasema, na Wangwe akajibu, "Tulikosea. Ndiyo maana tumekuja." Jioni Wegesa na Mogesi walikaa kwa akina Mogesi wakinakili masomo yote ya Kiswahili ya mwezi mzima kwenye daftari jipya, kwa mwandiko wao mzuri kuliko wote, mpaka vidole vikafa ganzi.

Wakati huo Mwalimu Kokushubira naye hakukaa. Alimpeleka Naomi zahanati, na Sophia, muuguzi wa pale, akampima kifua kwa makini, akampima na kifua kikuu pia. Majibu yalikuwa mema: kilikuwa kikohozi cha vumbi la mawe. Alimpa dawa, akasema dawa haitafaa kitu kama mtoto ataendelea kulala kando ya karasha. Mzee Faridu, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akitafuta mtu wa kumsaidia kukanda unga, aliposikia habari hiyo alimwita mama Naomi. Alimpa kazi, na nafasi ya hema nyuma ya kibanda chake, upande ambao vumbi halifiki. Siku ya Jumanne jioni mama na binti walihamisha turubai lao.

Jumatano Naomi alirudi.

Alisimama mlangoni ameshika begi kifuani, kama mtu anayengoja kurushiwa kitu. Wangwe aliinuka. Alimfuata, akampa daftari jipya kwa mikono miwili, akasema kwa haraka bila kumtazama usoni, "Samahani, Naomi. Lile nililichana mimi. Wegesa na Mogesi wamekuandikia jingine." Naomi alilifungua, akapekua kurasa polepole, moja, mbili, tatu. Mabega yake yalishuka, na akaenda kukaa.

Kipindi cha Kiswahili, Mwalimu Kokushubira hakumwita. Aliuliza tu, "Nani atatusomea?" Mikono minane ilipanda. Wa tisa ulipanda taratibu, ukiwa umekunjwa nusu. Ulikuwa wa Naomi.

Alisimama akasoma. Sauti ilikuwa bado na mikwaruzo, lakini ilikwenda. Alifika katikati ya ukurasa, na kikohozi kikamshika. Darasa lilikuwa kimya, kimya kabisa, na katika ukimya huo, dirishani, mtoto wa darasa la pili aliyekuwa akipita na ndoo alisikia kile kikohozi akafanya kama alivyozoea: "Kra-kra-kra!"

Wangwe alitoka nje kwa hatua mbili. Watu walishika vinywa. Walijua ngumi za Wangwe. Lakini walipochungulia walimkuta amechuchumaa mbele ya yule mtoto, anazungumza naye kwa upole. Mtoto aliitikia kwa kichwa, akachukua ndoo yake akaenda.

"Nimemwambia anaitwa Naomi," Wangwe alisema akirudi kukaa. "Alikuwa hajui."

Mogesi alikuwa ameshamimina maji kwenye kikombe. Naomi alikunywa, akafuta mdomo, na ghafla akacheka, kicheko cha kukwaruza cha mtu aliyetua mzigo. Darasa zima likacheka pamoja naye. Wegesa alicheka mpaka machozi yakamtoka, akashangaa kuona jinsi kicheko kile kilivyo kitamu kuliko vyote alivyowahi kuvipata, ingawa hakukianzisha yeye.

Naomi alimaliza ukurasa, akageuza wa pili.

Alipoketi, Mwalimu Kokushubira alifunga kitabu chake. "Watu wanapanda kilima hiki kutafuta dhahabu," alisema, "na ukiwauliza watakwambia jiwe haliangaliwi kwa nje. Mtu ni zaidi ya jiwe. Ulimi hauna mfupa, lakini unavunja mifupa, na anayecheka pembeni amesaidia kuvunja. Msidhani shule njema ni ile isiyo na mkorofi hata mmoja, haipo. Shule njema ni ile ambayo mtu akiguswa, wa kwanza kusimama ni jirani yake. Leo sikuwasimamisha mimi. Mmesimama wenyewe, na mimi nimelala usingizi mnono jana kwa mara ya kwanza tangu Naomi aache kuja."

Kengele ililia. Wote walitoka kwa vishindo kwenda mapumziko, na Wegesa, akiwa bado anajikusanya, alimsikia Naomi akimwita kutoka uwanjani, "Wegesa, unakuja au huji? Tunakungoja!"

Akakimbia.